Kapata: Mchubuko mdogo wa jicho unavyoweza kumpofusha mwenye kisukari, na kile ambacho mboga na vidonge vinaweza kufanya

Kipande cha jiwe kikiruka na kumpiga mtu jichoni, mara nyingi maumivu huisha ndani ya siku 2 au 3 na maisha yanaendelea. Kwa mtu mwenye kisukari, mchubuko uleule unaweza kukaa wiki kadhaa bila kufunga. Vijidudu hupata mlango, kidonda huchimba, na mwisho wake huwa kovu jeupe mbele ya mboni, lisilofutika kwa dawa yoyote.

Katika eneo la Kapata, nje kidogo ya mji wa Kolwezi, hatari hiyo iko karibu na nyumba za watu. Mawe yenye shaba na kobalti hupondwa kwa nyundo, hupepetwa na kuoshwa, na vumbi lake hufuata upepo hadi majumbani. Ndani ya nyumba hizo wamo watu wenye ugonjwa wa sukari, wengine wakijua na wengine bila kujua.

Miaka ya karibuni neno moja limekuwa likitajwa sana kila yanapozungumzwa macho na kisukari: antioksidanti. Linaonekana kwenye makopo ya virutubisho, kwenye chupa za juisi na katika maneno ya wauzaji wa dawa za kutembeza. Ahadi ni kwamba ukizimeza, macho yanapona.

Sayansi inasema jambo lenye mipaka zaidi. Ni kweli kwamba sukari nyingi huharibu uponaji wa jicho kwa njia ambayo antioksidanti hupambana nayo. Ni kweli pia kwamba mboga na matunda ya kawaida ya Katanga yamejaa antioksidanti. Lakini jicho lililochubuka huokolewa kwanza na muda, dawa ya kuzuia maambukizi na sukari iliyodhibitiwa. Anayebadilisha mpangilio huo, akaanza na kopo la vidonge na kuchelewa kufika kituo cha afya, anaweza kulipa kwa jicho lake.

Kutoka mji wa kampuni hadi mji wa vumbi

Kapata iko kusini-magharibi mwa Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba, moja ya majimbo 4 yaliyozaliwa mwaka 2015 baada ya Katanga ya zamani kugawanywa. Ilijengwa kuwa makazi ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya dola iliyorithi migodi ya Union Minière du Haut-Katanga baada ya kutaifishwa kwake mwaka 1967.

Enzi hizo ajira ilikuja na nyumba, shule ya watoto, mgao wa unga na hospitali ya kampuni. Mambo yaliharibika katika miaka ya 1990, uzalishaji ulipoporomoka. Kuanzia mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kupitia mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mfanyakazi aliyekuwa na miaka 40 wakati huo sasa amevuka 60, umri ambao kisukari cha aina ya 2 hujitokeza zaidi, na hospitali ya bure ya kampuni haipo tena kumpokea.

Wengi, pamoja na watoto na wajukuu zao, waligeukia uchimbaji mdogo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa hutoka katika ukanda huu. Karibu na Kapata kuna Ziwa Malo, ambako madini yamekuwa yakioshwa na wanawake na vijana. Ripoti iliyotolewa Januari 2016 na Amnesty International pamoja na shirika la Kikongo la Afrewatch ilieleza kuwa wachimbaji wengi walifanya kazi bila glavu, barakoa wala mavazi ya kazi. Miwani ya kinga nayo ni nadra machoni pa anayeponda mawe.

Kuhusu kisukari chenyewe, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 24 walikuwa na ugonjwa huo katika kanda yake ya Afrika, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wamepimwa. Kwa hiyo anayefika kituoni na jicho jekundu lisilopona anaweza kuwa ndiyo kwanza anakaribia kujua kwamba ana sukari.

Jicho linavyojiponya

Sehemu inayochubuka mara nyingi ni konea, kioo kile kinachong'aa mbele ya jicho. Unene wake ni takriban nusu milimita. Haina mishipa ya damu, maana damu ingezuia mwanga kupita. Hupata oksijeni kutoka hewani kupitia machozi, na chakula chake kutoka kwenye maji yaliyo ndani ya jicho.

Juu yake kuna tabaka la seli lenye safu 5 hadi 7, ambalo hujibadilisha lote kila baada ya siku 7 hadi 10. Tabaka hilo likikwanguliwa, seli za pembeni haziponi kwa kungoja. Hujilaza, huteleza kuelekea kwenye pengo na kulifunika ndani ya saa chache au siku chache. Kisha huzaliana ili kurudisha unene, na mwisho hujishikiza upya kwenye utando ulio chini yake. Hatua hiyo ya kujishikiza ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi, na ndiyo inayofanya jicho lisichubuke tena kwa kope tu.

Kazi hii husimamiwa kwa sehemu na neva. Konea ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye neva nyingi kuliko zote, ndiyo maana punje moja ya mchanga humtoa mtu mzima machozi. Neva hizo hazileti maumivu tu. Hutoa kemikali zinazolisha seli na kuziamuru zizaliane, na huamsha tezi za machozi.

Sukari inavyochelewesha uponaji

Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, kila hatua ya kazi hiyo inaweza kuharibika.

Kwanza, neva hupungua. Mtu huhisi maumivu kidogo kuliko inavyostahili, hupepesa kidogo, na machozi huwa machache. Mchubuko mkubwa unaweza kuonekana kwake kama muwasho mdogo tu. Huu ndio mtego mkubwa zaidi, kwa sababu maumivu ndiyo humpeleka mtu kwa daktari. Anayeponda mawe kutwa, akiwa na jicho lisilouma sana, ataendelea kuponda.

Pili, sukari hunata. Ikikaa juu kwa miaka, hushikamana na protini za utando ambao seli mpya zinapaswa kujishikiza juu yake. Utando huwa mnene na mgumu. Seli hufika, lakini hazishiki vizuri, na jeraha lililofunga jana hufunguka tena kesho.

Tatu, na hapa ndipo antioksidanti zinapoingia, sukari nyingi huzidisha molekuli haribifu za oksijeni. Kila seli huzitoa kidogo inapochoma chakula kupata nguvu, kama jiko linavyotoa moshi. Mwaka 2001, mtafiti Michael Brownlee wa New York alieleza katika jarida la Nature jinsi sukari ikizidi ndani ya seli inavyofanya molekuli hizo ziongezeke kupita kiasi, na jinsi ongezeko hilo linavyounganisha madhara mengi ya kisukari, kuanzia retina na figo hadi neva.

Wakati huohuo, silaha za kuzizuia hupungua. Seli inapozidiwa na sukari, hugeuza sehemu yake kuwa sorbitoli. Kazi hiyo hutumia malighafi ileile inayohitajika kuhuisha glutathioni, mojawapo ya antioksidanti kuu za mwili. Vitamini C nayo hupata mshindani, kwani moja ya maumbo yake huingia ndani ya seli kupitia mlango unaotumiwa na sukari. Sukari ikijaa mlangoni, vitamini hiyo hubaki nje.

Jicho hutegemea sana vitamini C. Maji yaliyo ndani ya jicho huwa nayo mara nyingi zaidi ya damu, na tabaka la juu la konea huihifadhi kwa wingi ili kujikinga na mionzi ya jua. Vitamini hiyohiyo inahitajika kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoipa konea uimara wake.

Maabara imeonyesha nini?

Moja ya kazi zinazogusa suala hili moja kwa moja ilichapishwa mwaka 2009 katika jarida la Diabetes na kundi la Fu-Shin Yu wa Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, nchini Marekani. Watafiti walitumia konea za nguruwe na seli za konea ya binadamu, wakaziweka kwenye sukari nyingi. Vidonda vilichelewa kufunga, na njia ya mawasiliano inayoziambia seli zitembee na kuzaliana ilikuwa imedhoofika. Walipoongeza asetilisisteini, dawa inayoisaidia seli kutengeneza glutathioni, molekuli haribifu zilipungua na mawasiliano hayo yakaimarika.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa sungura katika miaka ya 1970. Macho yaliyounguzwa kwa kemikali kali za alkali yalipoteza vitamini C, na yalipopewa vitamini hiyo vidonda virefu vilipungua. Hadi leo madaktari wa macho katika sehemu nyingi huongeza vitamini C kwenye matibabu ya majeraha ya kemikali.

Haya ni matokeo mazuri. Hata hivyo, konea ya nguruwe iliyo ndani ya chombo cha maabara si mtu anayerudi kazini kesho yake katikati ya vumbi, na jeraha la kemikali si mchubuko wa jiwe. Hakuna tone wala kidonge cha antioksidanti kilichofikia hatua ya kuwa tiba ya kawaida ya vidonda vya konea kwa wenye kisukari.

Kwa Kongo yenyewe, kuna utafiti uliofanywa Kinshasa na kuchapishwa mwaka 2012 na Mvitu Muaka, Benjamin Longo-Mbenza na wenzao. Waliwachunguza watu wenye kisukari cha aina ya 2 na kuwauliza wanachokula. Waliokula mboga mara 3 au zaidi kwa siku walikuwa na mtoto wa jicho kwa uchache kuliko wengine. Maharagwe, bamia na ndizi vilikuwa miongoni mwa vyakula vilivyohusishwa na unafuu huo.

Utafiti huo ulihusu mtoto wa jicho, yaani lenzi kuingia ukungu, si vidonda vya konea. Pia uliwatazama watu kwa wakati mmoja, na anayekula mboga nyingi huenda pia anajitunza kwa njia nyingine. Lakini ulifanyika kwa Wakongo, juu ya vyakula vinavyopatikana katika masoko ya Kongo, na unaelekeza upande mmoja na kazi za maabara.

Vumbi la kobalti laongeza mzigo

Wakazi wa ukanda wa shaba wana sababu ya ziada ya kujali jambo hili. Mwaka 2018, jarida la Nature Sustainability lilichapisha utafiti wa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji, akiwemo Benoit Nemery wa Leuven. Walipima wakazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao watu walianza kuchimba kobalti katikati ya nyumba zao mwaka 2014.

Vumbi la majumbani lilikuwa na kobalti nyingi, na watoto wa mtaa huo walikuwa nayo kwenye mkojo takriban mara 10 zaidi ya watoto wa eneo la kulinganishia. Watafiti waliona pia dalili za DNA ya watoto hao kuharibiwa na oksijeni haribifu, aina ileile ya uharibifu ambayo antioksidanti huwekwa na mwili kuuzuia.

Watafiti wale walipima mkojo, damu na vumbi. Macho hayakuwa sehemu ya kazi yao. Kinachoonekana ni kwamba mwili wa mkazi wa mtaa wa uchimbaji huwa tayari unatumia akiba yake ya kinga. Mwenye kisukari katika mazingira hayo anavutwa na mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Vidonge: si kila kinachofaa kwenye sahani kinafaa kwenye kopo

Kama antioksidanti ni nzuri, kwa nini zisimezwe kwa wingi? Swali hilo lilijibiwa kwa gharama kubwa nchini Finland. Wanaume 29,133 waliokuwa wavutaji sigara walipewa vitamini E, betakarotini, vyote viwili, au vidonge vitupu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yaliwashtua wengi: waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Mwaka 2007, uchambuzi uliojumlisha majaribio 68 yenye watu zaidi ya 232,000 ulichapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA. Haukuona kuwa vidonge vya antioksidanti vinarefusha maisha. Katika majaribio yaliyofanywa kwa umakini zaidi, betakarotini, vitamini A na vitamini E vilihusishwa na ongezeko la vifo.

Kuna hatari nyingine inayomhusu mwenye kisukari pekee. Vitamini C ikiwa nyingi sana mwilini inaweza kuvuruga baadhi ya mashine ndogo za kupimia sukari na kutoa namba isiyo sahihi. Anayepanga dozi ya insulini kwa namba hiyo anaweza kujidhuru. Ndiyo maana anayetumia vidonge vya vitamini anatakiwa kumwambia muuguzi kabla ya kupimwa.

Juisi za matunda zilizotiwa sukari ni mtego wa wazi zaidi. Chupa inaweza kuandikwa antioksidanti kwa herufi kubwa, huku kilichomo kikipandisha sukari iliyo chanzo cha tatizo.

Kilicho sokoni tayari

Habari njema ni kwamba chakula chenye antioksidanti hakihitaji kuagizwa kutoka mbali. Lengalenga, ambayo Watanzania huiita mchicha, ina vitamini C na karotini. Vivyo hivyo matembele, na sombe ambayo pwani huitwa kisamvu. Sombe lazima itwangwe na kupikwa hadi iive kabisa ili sumu ya asili ya muhogo itoke, na moto huo mrefu huondoa sehemu ya vitamini C. Kwa hiyo ni vyema pembeni yake pawe na nyanya mbichi au tunda.

Pera ni hazina isiyothaminiwa. Gramu 100 za pera huwa na takriban miligramu 200 za vitamini C, mara kadhaa zaidi ya chungwa. Likiliwa zima, nyuzinyuzi zake huzuia sukari isipande kwa kasi, jambo ambalo juisi haifanyi. Karanga zina vitamini E. Mafuta ya mawese yakiwa bado mekundu yana karotini na vitamini E, lakini yakichomwa hadi yawe meupe hupoteza karotini yake, na yakitumika bila kipimo huongeza uzito.

Kidonda pia kinahitaji protini na zinki ili seli mpya zijengwe. Maharagwe, samaki wakavu na viwavi wanaouzwa sokoni hutoa vyote viwili kwa bei nafuu kuliko nyama ya ng'ombe.

Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, ni ya ukubwa wa tonge. Bukari ya mahindi ndiyo moyo wa chakula cha Katanga, na ndiyo inayopandisha sukari zaidi katika sahani. Kupunguza bukari na kuongeza mboga hadi zichukue nusu ya sahani hufanya kazi mbili kwa pamoja: huleta antioksidanti, na hupunguza chanzo cha molekuli haribifu zenyewe.

Hakuna kidonge chenye ushahidi kama huo. Mwaka 1993, utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliowahusisha watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya 1 ulionyesha kuwa kudhibiti sukari kwa ukaribu kulipunguza hatari ya kuanza kwa ugonjwa wa retina kwa asilimia 76, na uharibifu wa neva kwa asilimia 60. Neva zikilindwa, jicho huendelea kuhisi, na anayehisi hutafuta matibabu mapema.

Saa 18 za kwanza

Katika wilaya ya Bhaktapur, nchini Nepal, watu wa kawaida wa vijijini walifundishwa kutambua mchubuko wa konea na kutoa mafuta ya macho ya kloramfenikoli mara 3 kwa siku kwa siku 3. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa kati ya watu 442 waliochubuka, 424 walipona bila maambukizi. Miongoni mwa walioanza dawa ndani ya saa 18, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda.

Vijijini Nepal hapakuwa na mashine za bei kubwa. Palikuwa na mtu aliyefundishwa, tyubu ya dawa, na wagonjwa waliojua mlango wa kubisha.

Karibu zaidi na Kongo, huko Mbarara, Uganda, kundi la Simon Arunga lilifuatilia wagonjwa 313 wenye maambukizi ya konea. Takriban 6 kati ya 10 walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho. Katika ulinganisho na watu wasio na ugonjwa huo, kisukari kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari kwa kiasi kikubwa.

Kwa mkazi wa Kapata mwenye kisukari, au anayeishi na mwenye kisukari, mafunzo hayo yana maana ya moja kwa moja. Jicho likiingiwa na jiwe au vumbi lisisuguliwe. Lioshwe kwa maji safi, ikiwezekana yaliyochemshwa na kupoa, wala si maji ya ziwa au kidimbwi cha kuoshea madini. Kama kilichoingia ni asidi, chokaa au kemikali nyingine, jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi kwa muda wa nusu saa, kabla hata ya kutafuta usafiri. Kitu kilichochoma na kunasa kisichomolewe nyumbani. Jicho lifunikwe bila kukandamizwa, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Maji ya majani, maziwa ya mama na unga wa dawa visitiwe kwenye jicho lenye jeraha. Matone yaliyobaki ya jirani ni hatari vilevile. Yenye deksamethazoni au prednisoloni hupunguza wekundu huku yakidhoofisha kinga, na vijidudu hasa vya fangasi hustawi. Matone ya ganzi humpa mtu nafuu ya dakika chache lakini huzuia seli kujiponya yakitumika mara kwa mara.

Mwenye kisukari asisubiri maumivu yamlazimishe. Wekundu unaozidi, mwanga kuumiza, kuona ukungu, usaha, au doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ya jicho ni sababu ya kwenda siku hiyohiyo, hata kama jicho haliumi sana. Kidonda kikishachimba, safari huwa ndefu: Lubumbashi iko takriban kilomita 300 kutoka Kolwezi, na kovu la katikati ya konea hutibiwa kwa kupandikizwa konea nyingine, upasuaji ambao ni wachache sana wanaoupata katika Afrika ya Kati.

Mambo 3 kwenye meza moja

Kituo kidogo cha afya kinaweza kufanya mengi kabla mambo hayajafika huko. Rangi ya fluoresini na tochi ya mwanga wa bluu huonyesha mchubuko kwa rangi ya kijani inayong'aa, hata usioonekana kwa macho. Mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1 yamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tone moja la damu ya kidole linatosha kuonyesha kama jicho lisilopona linaficha kisukari.

Vitu hivyo vikiwa kwenye meza moja, mgonjwa aliyekuja kwa ajili ya jicho anaweza kuondoka na jibu kuhusu sukari yake pia. Hapo ushauri wa kula lengalenga na pera, na kupunguza bukari, unakuwa na mahali pake: baada ya dawa, si badala yake.

Kwa anayeponda mawe, kinga ya kwanza ni rahisi kuliko zote. Miwani ya plastiki ya kazi huzuia mchubuko usitokee, na jicho lisilochubuka halina kidonda cha kuponya.